Uyoga wa Nyasini: Agaricus campestris au Marasmius oreades?

Wote wawili huota kwenye nyasi fupi na wote huliwa. Agaricus campestris ni mnene, kofia nyeupe ya sentimita 5 hadi 10. Matamvua yake, yaani vile vibamba vyembamba chini ya kofia, huanza na rangi ya waridi, kisha hugeuka kahawia iliyokoza. Ladha ni nzuri, ila haukai: ukichelewa, funza wamekutangulia.

Marasmius oreades ni mdogo, mara nyingi chini ya sentimita 5, na huota kwa duara. Shina ni gumu kama uzi wa katani, litupe. Lakini kofia ukizianika, huhifadhika vizuri, na ukiziloweka hurudia umbo lake. Kwa mchuzi mimi nachagua huu.

Hatari ndiyo inayonifanya nisite. Agaricus xanthodermus hufanana na wa kwanza. Kata kitako cha shina: kikigeuka njano kali na kunuka wino, achana nao. Matamvua yakibaki meupe, huenda ni Amanita, jamii ya uyoga ambayo baadhi yake huua. Marasmius ana pacha mwenye sumu, Clitocybe rivulosa, anayeota papo hapo: matamvua yake yamesongamana na kuteremkia shinani, ilhali ya Marasmius yameachana.