Dumas na Sue: mmoja Panthéon, mwingine maktabani

Mwaka 1842 wasomaji wa Paris waligombea gazeti la Journal des Débats ili wajue yaliyowapata wahusika wa mwandishi Eugène Sue katika Les Mystères de Paris, riwaya iliyotoka gazetini humo sehemu kwa sehemu. Miaka 2 baadaye mwandishi mwenzake Alexandre Dumas akawanasa vivyo hivyo kwa riwaya ya Les Trois Mousquetaires, ndani ya gazeti la Le Siècle. Wote wawili walibezwa kuwa wanaandika kwa ajili ya pesa.

Leo Sue husomwa zaidi na watafiti. Riwaya yake imesheheni hotuba kuhusu magereza na umaskini wa zama zake (mimi huziruka, nakiri). Dumas hakuwekei hotuba: d'Artagnan, shujaa wa riwaya yake, anaingia mji wa Meung juu ya farasi wa manjano, anachekwa, mara upanga uko nje. Hapo huhitaji kujua siasa za 1844.

Heshima ya serikali ilichelewa mno. Mwaka 2002, miaka 132 baada ya kifo chake, jeneza la Dumas lilipelekwa Panthéon, jengo la Paris wanamozikwa watu mashuhuri wa Ufaransa, likiwa limefunikwa kitambaa cha buluu. Rais Jacques Chirac aligusia ubaguzi uliomsonga mwandishi huyo, ambaye bibi yake mzaa baba alikuwa mtumwa Saint-Domingue, Haiti ya leo. Kufikia hapo, sinema na matoleo ya watoto yalikwishamtangaza kitambo.