Mosi-oa-Tunya na Wanyamapori: Hifadhi Ipi Uilipie Pamoja na Maporomoko?

Nusu ya jina Mosi-oa-Tunya haihitaji mkalimani kwa msomaji wa Kiswahili, kwani mosi ni moshi, na jina zima, lililotokana na lugha ya Wakololo, lina maana ya moshi unaonguruma. Maporomoko hayo ya Mto Zambezi, ambayo David Livingstone aliyaita Victoria baada ya kuyaona mwezi Novemba 1855, yana upana wa mita 1,708 na kimo cha mita 108, nayo yako mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, hivyo mgeni anaweza kuamka nchi moja, akavuka kwa miguu daraja lililofunguliwa mwaka 1905, akala chakula cha mchana nchi ya pili. Wengi wanaonunua safari ya kwenda huko huulizia hoteli kwanza, kisha bei. Mimi ningeanza na mwezi, kwa sababu maji na wanyama havifikii kilele wakati mmoja, na aliyekosea mwezi hakuna chumba kizuri kitakachomfidia.

Mvua inayoyajaza maporomoko hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, nyingi yake ikiwa mbali huko Angola na kaskazini-magharibi mwa Zambia, na maji huchukua wiki kadhaa kuteremka, ndiyo maana mto hufurika zaidi kati ya Machi na Mei wakati mvua yenyewe imeshaanza kukatika. Katika miezi hiyo ngurumo husikika kutoka mjini, lakini anayesimama ukingoni anaweza kulowa chepechepe asione chochote ila weupe wa mvuke. Ifikapo Oktoba na Novemba mambo hugeuka: upande wa Zambia mwamba hubaki mtupu kwa sehemu kubwa, huku upande wa Zimbabwe, ulio mkabala na mkondo mkuu, ukiendelea kuwa na maji mwaka mzima. Wanyama nao wana kalenda yao. Kiangazi kinapokaza, vidimbwi vya porini hukauka na makundi husogea mitoni, kwa hiyo Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya kuwaona kwa wingi, ingawa joto lake ni la kuchosha.

Kwa sababu hiyo, anayetaka vyote viwili anunue Juni, Julai au mwanzoni mwa Agosti. Maji bado ni mengi, mvuke umepungua kiasi cha kuona ukuta wa mwamba, na nyasi zimeanza kulala. Abebe sweta nzito, kwa maana asubuhi za Julai huko kusini ni za baridi kali kuliko wengi wetu tunavyodhani. Akiweza kuzipatanisha siku zake na mwezi mpevu, atauona upinde wa mwezi, yaani upinde wa mvua unaochorwa usiku juu ya mvuke, kwani hifadhi za pande zote mbili hufunguliwa usiku kwa ajili hiyo. Anayetamani kuogelea katika bwawa la Devil's Pool, lililo ukingoni kabisa mwa maporomoko, huyo anahitaji maji machache, na ni bora asubiri Septemba au Oktoba.

Suala la upande gani lina jibu rahisi kuliko linavyoonekana: lipia pande zote mbili. Upande wa Zimbabwe ndiko unakoona takriban robo tatu ya maporomoko, na kiingilio chake kwa mgeni wa kimataifa kimekuwa dola 50 za Marekani. Upande wa Zambia kimekuwa dola 20, na huko ndiko unakoyakaribia maji zaidi. Mtanzania akumbuke kuonyesha pasi yake dirishani na kuuliza bei ya raia wa nchi za SADC (Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika), ambayo ni nafuu. Kifurushi chenye nusu siku tu ya maporomoko nisingekinunua hata kikipunguzwa bei. Mtu aliyesafiri nchi mbili au tatu kulifuata jambo hili anastahili kulala karibu nalo usiku mbili.

Sasa hifadhi ya kuambatanisha. Nafasi ya kwanza ninaipa Chobe, nchini Botswana, na sababu yangu ni ya mtu wa Afrika Mashariki. Aliyewahi kuingia Serengeti, Mara au hata Mikumi ameshaona simba kutoka dirishani mwa gari, na hana haja ya kulipa mamia ya dola arudie picha ileile. Chobe inampa asichokipata kwa urahisi kwao, yaani kuwatazama tembo kutoka mtoni. Boti huondoka mjini Kasane alasiri, ikapita taratibu kando ya kisiwa cha Sedudu, ambacho Botswana na Namibia zilikigombania hadi Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikakikabidhi Botswana mwaka 1999, na tembo huvuka kwa kuogelea wakiwa wameinua mikonga, ndama wakiwa katikati ya mama zao. Hakuna nchi yenye tembo wengi kuliko Botswana, na hapa mtu huelewa idadi hiyo kwa macho. Tena Kasane iko kilomita 80 hivi tu kutoka mji wa Victoria Falls, na kwa anayetoka Zambia, daraja la Kazungula lililofunguliwa mwaka 2021 limeondoa foleni ya kivuko. Ziara ya siku moja inatosha kuonja. Usiku mbili ni bora.

Hapo pana tahadhari ya viza. Viza ya pamoja ya KAZA, inayouzwa dola 50 na kudumu siku 30, humruhusu mgeni kuingia na kutoka Zambia na Zimbabwe na kwenda Botswana kwa siku moja kupitia Kazungula, lakini haimruhusu kulala Botswana. Hili linawahusu zaidi ndugu zetu wanaosafiria pasi za Ulaya na Marekani.

Ya pili ni Hwange, Zimbabwe, ambayo kwa familia yenye gari ningeiweka ya kwanza bila kusita. Ni hifadhi kubwa kuliko zote nchini humo, zaidi ya kilomita za mraba 14,000, na haina mto wa kudumu. Wanyama wake wanaishi kwa maji ya visima yanayovutwa kwa pampu, desturi iliyoanza miaka ya 1930. Kwa mnunuzi, maana yake ni kwamba si lazima kuzurura. Unakaa kwenye jukwaa kando ya dimbwi, unanyamaza, na pori linakujia. Serikali ina nyumba za kujipikia ndani ya hifadhi, na barabara kutoka Victoria Falls ni ya saa chache.

Luangwa Kusini, Zambia, naiweka ya tatu kwa sababu ya umbali peke yake. Huko ndiko Norman Carr alikoanzisha safari za kutembea porini kwa miguu, na bado hakuna mahali pazuri zaidi pa kufuata nyayo za chui nyuma ya askari mwenye bunduki. Lakini kutoka Livingstone, mji ulio upande wa Zambia wa maporomoko, kwa kawaida unapitia Lusaka na kuruka tena hadi Mfuwe, uwanja wa ndege wa hifadhi hiyo, na kambi nyingi hufungwa wakati wa mvua, kwa hiyo asiye na usiku tatu za ziada aiache kwa safari nyingine. Okavango, Botswana, inakuja mwisho: ni nzuri mno, na bei yake pia, na sioni sababu ya kuibana katika safari hii.

Kuhusu njia, Kenya Airways imekuwa ikitua Victoria Falls ikielekea Cape Town, na hiyo ndiyo njia fupi kwa anayetokea Nairobi. Kutoka Dar es Salaam, treni ya TAZARA husafiri kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, Zambia, lakini uliza stesheni kama ya abiria inatembea kabla ya kulipia chochote cha Livingstone, na usipange kuingia hotelini siku ileile inayotarajiwa kufika. Anayetoka Lubumbashi ana bahati ya kuanzia karibu, kwani akishavuka Kasumbalesa ni lami hadi Livingstone. Anayeendesha gari lake kutoka Tanzania kupitia Tunduma abebe kadi mbili za njano: ya chanjo ya homa ya manjano, na ile ya bima ya COMESA, ambayo anaikata kwa kampuni yake ya bima kabla ya kuondoka nyumbani.