Mashine ya mkono ya kufunga bia ya nyumbani kwenye makopo: mwaka mmoja wa kuitumia Lubumbashi

Oktoba ya mwaka juzi chupa moja ya bia yangu ililipuka chini ya meza ya jikoni. Mwezi huo hapa kwetu joto hupita nyuzi 30 kabla mvua hazijaanza, na mimi nilikuwa nimeifunga bia kabla haijamaliza kuchachuka. Kipande cha kioo kilimchana mdogo wangu kwenye muundi, ikabidi apelekwe kushonwa. Tangu siku ile sikutaka tena chupa iliyojaa gesi ndani ya nyumba yenye watoto. Ndiyo maana nikanunua mashine ya kufungia makopo, ile ndogo ya kukaa mezani, ya kuzungusha kwa mkono. Nimeshafunga nayo makopo zaidi ya 600, kwa hiyo ninayosema hapa nimeyaona kwa macho yangu.

Chupa zina shida nyingine pia. Zile kubwa za Simba na Tembo, bia zinazopikwa mjini kwetu, ni za kurudisha dukani pamoja na kreti. Si zangu, na sikuona vizuri kuzijaza bia yangu. Nikinunua chupa za kahawia zisizo za kurudisha, nikipeleka 20 kwenye harusi Katuba, zinarudi 6. Kopo halinidai chochote. Likishanywewa, vijana wanaookota aluminiamu wanalipeleka kwa mafundi wanaoyeyusha na kumimina sufuria, basi.

Mashine ilitoka Afrika Kusini kwa lori, ikapita Zambia, ikavuka Kasumbalesa, karibu kilomita 90 kutoka hapa. Ilinigharimu karibu dola 500 kabla ya usafiri na forodha. Yenyewe ilifika salama. Makopo matupu ndiyo yaliyoumia. Ubavu wa kopo la bia, pale palipo pembamba zaidi, una unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita, na kopo zima la mililita 330 lina uzito wa gramu 13 hivi. Likijazwa, gesi ya ndani ndiyo inayolisimamisha. Likiwa tupu, mzigo mmoja wa juu unatosha kulikunja. Katika makopo 300 nilitoa 41 yenye ukingo uliopinda, na muuzaji hakujibu ujumbe wangu hata mmoja. Ukiagiza, dai yafungwe kwenye katoni ngumu, yapangwe wima, na kadibodi itiwe kati ya tabaka na tabaka. Na kopo lenye ukingo uliopinda usilibembeleze kwa koleo. Litafunga vizuri kwa macho, kisha litavuja.

Kitabu cha maelezo kilikuja kwa Kiingereza na Kichina, hakuna Kifaransa. Siku tatu nilihangaika na skrubu bila kuelewa ni kwa nini mashine ina magurudumu mawili. Aliyenifumbua macho ni jirani yangu fundi cherehani. Nilikuwa nimekata kopo moja kwa msumeno mdogo ili nione ndani ya ule mdomo uliofungwa. Akalichukua, akalipitisha kwenye kucha, akaniambia: «Yaya (hapa kwetu ni mkubwa wako), hii ni pindo. Unakunja kwanza, kisha unapiga pasi.»

Ni hivyo hasa. Kopo lina ukingo uliolala nje kidogo, na kifuniko kina mdomo uliojikunja chini. Gurudumu la kwanza lina mfereji wenye kina. Linausukuma mdomo wa kifuniko upite chini ya ukingo wa kopo, vishikane kama vidole viwili vilivyofanywa ndoano. Gurudumu la pili lina mfereji mpana, wa kina kidogo, na linayakandamiza matabaka hayo matano ya bati mpaka yabane. Katikati kuna utando mwembamba wa mpira ambao kiwandani waliupaka ndani ya kifuniko, na huo ndio unaoziba nafasi ndogo zinazobaki. Ukipiga pasi kabla ya kukunja, au ukikunja nusu, hakuna pindo. Kifuniko kimelala tu juu ya kopo.

Kwa hiyo nunua kalipa ya kupimia siku ileile unayonunua mashine. Kwa vifuniko vya kawaida vya bia, baada ya gurudumu la pili unene wa pindo unatakiwa uwe karibu milimita 1.2. Kipimo kamili kimo kwenye karatasi ya waliotengeneza vifuniko, kifuate hicho. Mimi napima sehemu tatu kuzunguka kopo, na nafanya hivyo kwenye makopo mawili ya maji kabla ya kugusa bia. Mashine yangu ina ugonjwa mmoja: skrubu inayoshikilia gurudumu la kwanza hulegea pole pole. Mara ya kwanza ilinilegea baada ya makopo 30 na sikujua. Nilipoteza makopo 19 ya bia nyeusi ambayo nilikuwa nimeitunza wiki sita. Sasa nimeitia gundi ya nyuzi za bolti, ile wanayotumia mafundi magari, na bado napima kila baada ya makopo 15. Hilo waliotengeneza wangeweza kulirekebisha kwa nati moja zaidi, na kwa bei ile nilistahili kulipata.

Sasa gesi. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kuiweka bia kwenye pipa la chuma ndani ya friji na kuifungulia gesi ya kaboni kutoka kwenye mtungi. Kwa nyuzi 4 na msukumo wa bari 0.8, kwa wiki moja kila lita ya bia inabeba karibu lita mbili na nusu za gesi, kiasi ambacho wengi tumekizoea mdomoni. Vipimo hivyo vimeandikwa na watu wa pwani. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi, na geji inasoma tofauti kati ya ndani na nje tu. Inabidi uongeze karibu bari 0.13, la sivyo bia inatoka na gesi pungufu na unaanza kumlaumu mwenye mtungi. Rafiki yangu wa mtaa wa Golf anafanya hivyo, na bia yake ni nzuri. Lakini ana jenereta. Kwangu umeme wa SNEL ukikatika jioni mpaka asubuhi, friji inapanda nyuzi, na bia yenye gesi ikipata joto inatoka povu tupu wakati wa kuitia koponi.

Nikachagua njia ya pili, ya sukari. Hamira iliyobaki ndani ya bia inakula sukari kidogo ndani ya kopo lililofungwa, na gesi haina pa kutokea. Natumia gramu 6 kwa lita. Kwa lita 20 ni gramu 120, nazichemsha kwenye nusu lita ya maji, nazipoza, naziweka kwenye ndoo safi, kisha naishusha bia juu yake kwa mpira polepole bila kuirusha. Usitie sukari kopo kwa kopo kwa kijiko. Mililita 330 zinahitaji gramu 2 tu, na kijiko cha chai hubeba 4 au zaidi ukikijaza.

Kabla ya hapo bia lazima iwe imemaliza kazi yake. Haidromita, kile kipimo kinachoelea na kuonyesha sukari iliyobaki, isome namba ileile siku tatu mfululizo. Kila pointi moja (0.001 kwenye haidromita) inayoshuka ndani ya kopo huongeza karibu nusu lita ya gesi kwa kila lita ya bia. Ukifunga kwenye 1.014 na bia ikashuka hadi 1.010, umeongeza lita mbili juu ya zile ulizokusudia. Kopo la aluminiamu huvumilia karibu bari 6. Bia yenye sukari niliyotaja, kwa joto la nyuzi 25, inakaa kwenye bari 2 na kidogo, kwa hiyo nafasi ipo, ila uzembe huimaliza haraka. Jambo lililonipa amani ni hili: kabla ya kupasuka, kopo kwa kawaida linaonya. Kitako kilichobonyea ndani kinatokeza nje, kopo linaanza kuyumba mezani, au kifuniko kinavimba. Likifunguka, linamwaga na kurusha povu, lakini halitawanyi vioo. Ukiliona limevimba, lifunike kwa kitambaa kinene, lipoze, kisha ulitoboe nje, mbali na uso.

Kujaza kwenyewe ni kazi ya watu wawili. Mdogo wangu anajaza, mimi nafunga. Mpira unafika chini kabisa ya kopo, bia inapanda bila kelele, na tunaacha kama sentimita moja juu. Nafasi kubwa zaidi ni hewa, na oksijeni huifanya bia inuke kama kadibodi iliyolowa. Hamira inaila sehemu ya oksijeni hiyo, na hapo njia ya sukari ina faida, lakini haiimalizi yote. Usijaze mpaka mdomoni pia, kwa sababu bia ikipata joto hutanuka na itatafuta pa kwenda. Makopo na vifuniko tunavisafisha kwa dawa ya asidi ya fosfori. Maji ya javeli, yale ya klorini ya kung'arishia nguo, tumeyapiga marufuku: klorini inaila aluminiamu, na harufu yake ikibaki kidogo bia inanuka hospitali. Baada ya kufunga tunasuuza kila kopo na kulikausha. Tusipofanya hivyo sisimizi wanafika usiku. Mara mbili sisimizi wamenionyesha kopo linalovuja kabla mimi sijaligundua.

Makopo 56 au 57 yanatuchukua saa mbili. Kwa chupa ningemaliza kwa saa moja, niseme ukweli.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote hakikuandikwa kwenye tangazo lolote. Chupa haikwambii lolote mpaka uifungue. Kopo unalibonyeza. Siku ya kwanza linaingia chini ya kidole gumba. Siku ya nne linarudisha kidole. Kufikia siku ya kumi na nne, Oktoba au Novemba, limekuwa gumu kama jiwe, na hapo nalipeleka kwenye baridi. Ukipita kila asubuhi ukabonyeza makopo yote, lile linalobaki laini wenzake wakiwa wameshakuwa magumu ndilo lenye pindo baya. Unaliweka kando na unajua ni namba ngapi, kwa sababu umeyaandika namba. Makopo yaliyofungwa karibu nalo unayakagua pia.

Juni ilinitia wasiwasi. Ni kiangazi chetu cha baridi, usiku hamira inalala, na wiki ya pili makopo yote yalikuwa bado laini. Nilikaribia kuyafungua niongeze sukari. Mama akaniambia niyasogeze kwenye pembe ya jikoni ambako mbabula, jiko letu la makaa, huwaka kila siku, niyafunike blanketi. Wiki mbili zaidi, yakawa magumu yote isipokuwa mawili. Ningeongeza sukari, ningekuwa na mabomu mikononi joto la Septemba lilipofika.

Mama huyohuyo aliniomba nimfungie munkoyo apeleke Likasi kwa dada yake. Nilikataa, na ilinibidi nieleze taratibu maana aliona kama namdharau. Munkoyo ni uji wa mahindi uliolainishwa na mizizi. Unaendelea kuchacha mpaka unanywewa, una sukari tele, na hakuna namba inayotulia kwenye haidromita. Kopo lolote ungelitia, lingevimba kabla ya basi kufika. Chombo chake ni kile chenye mfuniko unaopumua, kama alivyofanya siku zote.

Kosa langu kubwa lilikuwa la vifuniko. Vilipoisha vya kwanza niliagiza vingine kwa mtu mwingine, kwa sababu picha zilifanana na kipenyo kilikuwa kilekile, kile ambacho viwandani hukiita 202. Kipenyo hakitoshi. Ukuta wa ndani wa kifuniko una mteremko wake kulingana na aina, na kichwa cha mashine kinachoingia humo kimetengenezwa kwa aina moja. Vile vipya vilikuwa vinacheza, mashine ikavikwaruza mpaka unga wa aluminiamu ukaanguka mezani. Vifuniko 200 vimekaa kabatini, havina kazi. Muulize muuzaji jina la aina ya kifuniko, siyo kipenyo peke yake, na umwombe kopo moja na vifuniko vitano vya kujaribu kabla ya kulipa.

Kopo na kifuniko chake vinanifikia nyumbani kwa karibu nusu dola, na havirudiwi. Kopo likishafunguliwa halifungwi tena. Kwa hiyo mtu anayepika lita 10 mara moja moja na kunywea nyumbani namwambia abaki na chupa za kahawia, ajifunze haidromita vizuri, na pesa ya mashine ainunulie friji. Kwangu mimi, ninayepika lita 20 kila mwezi na kugawa zaidi ya nusu, na niliyeshuhudia damu ile sakafuni, ningeinunua tena kesho. Ningeagiza tu na gurudumu la akiba la kwanza, kwa sababu langu limeanza kupiga kelele, na kulipata hapa mjini bado sijafanikiwa.