Toleo la 9 la Children's Crusade, tulingoja sana ila limelipa

Jamani wapenzi wa komiki wa Mtwara, kama mlianza na Young Avengers ya 2005, ile ya timu ya vijana mashujaa, mnajua tulivyosota, maana Marvel walianzisha mwendelezo wake, Children's Crusade, 2010, matoleo 9 tu basi, la mwisho likaja kutoka 2012! Kopi yangu nimeipata kwa jamaa anayeuza vitabu vya mtumba pale sokoni, imechakaa kidogo ila rangi bado zinawaka balaa.

Michoro ya Jim Cheung aisee, huzuni unaiona kwenye macho ya wale vijana kabla hata hujasoma maneno. Cassie, binti wa timu hiyo, keshakufa toleo lililopita, sasa mwenzake Iron Lad anataka arudi nyuma kwenye muda amwokoe, Vision, roboti wa timu, anamkatalia, basi Iron Lad anamlipua hapohapo, nikafunga komiki kwanza nikatoka barazani kupunga upepo. Timu inasambaratika, Billy, mwenzao mwingine, anabaki na majonzi yake, na hapo ndo mwandishi Allan Heinberg kanimaliza, kampa kijana nafasi ya kuomboleza kama binadamu, sio ngumi tu mwanzo mwisho.

Ila msianzie hapa, mtapotea kabisa. Mwenye toleo la 8 zuri aniuzie, nipo Shangani.