DSLR au mirolesi? Uzoefu wangu, pamoja na lile duka la Kariakoo

Haipiti wiki mtu hajaniuliza, dada nina hela ya bodi moja tu (kamera bila lenzi), nichukue DSLR fulufremu (ile ya siku zote yenye kioo ndani, na sensa kubwa ya kunasa picha) au nichukue mirolesi (ile isiyo na kioo), na kila nikianza kujibu vizuri namkumbuka yule kaka wa dukani, nachemka upya, najikuta namjibu mtu wa watu kwa hasira ambayo haimhusu. Sasa leo naandika yote, ushauri na hasira humo humo.

Mi napiga picha za shughuli hapa Dar, sendofu, kichen pati, harusi, kipaimara, wakati mwingine ubatizo. Miaka yote nimekula kupitia Canon 5D Mark IV, ile iliyotoka 2016, na lenzi zangu za EF (za DSLR za Canon) nilizozinunua moja moja kwa jasho. Imedondoka, imenyeshewa, imemwagiwa shampeni, na iko vilevile. Ila kazi zikaongezeka nikahitaji bodi ya pili, na mjini kila unayekutana naye wimbo ni mmoja, mirolesi, mirolesi, nikasema haya basi, R6, mirolesi ya Canon.

Mambo ya megapikseli siandiki, yako kila mahali. Ninachotaka mtu ajue ni kwamba ukihama DSLR kwenda mirolesi hununui bodi peke yake. Lenzi zako za zamani haziingii moja kwa moja. Bodi haina kile kioo cha ndani, kwa hiyo mdomo wa lenzi umesogezwa karibu na sensa, kwa Canon ni milimita 20 wakati kwenye DSLR zao ni 44, na hizo 24 zilizopungua ndo unazirudisha kwa adapta. Adapta yenyewe ni bomba tupu, haina kioo chochote, kazi yake ni kuishika lenzi kwa umbali ule ule iliyouzoea na kupitisha mawasiliano kati ya lenzi na bodi kupitia vile vipini vya rangi ya dhahabu. Ikiwa nzuri picha haipungui ubora hata chembe. Ikiwa ya hovyo umeshika tofali la mamilioni shingoni.

Haya, dukani. Kariakoo, duka silitaji. Niliingia na mdogo wangu wa kiume ambaye hajawahi kushika kamera maishani mwake, alikuja kunisindikiza tu maana nilikuwa na hela. Mimi nauliza, yule kaka anamjibu mdogo wangu. Nauliza hii adapta ni orijino ya Canon? Anamgeukia yeye, "mwambie sista hii ni orijino kabisa, hapa hatuuzi feki." Mwambie! Na mimi nimesimama pale pale mbele yake, pochi iko kwapani kwangu! Nikamwambia kaka, mpiga picha ni mimi, ongea na mimi. Akacheka, akasema haya bosi, halafu akaendelea kumweleza mdogo wangu jinsi ya kushika bodi.

Bodi alikubali kuifungua nikaijaribu, sina tatizo na hilo. Adapta akagoma. Nilikuwa nimekuja na lenzi yangu kwenye begi kwa kazi hiyo hiyo, nikamwambia niivalishe sekunde mbili nione, akasema "ukifungua boksi umenunua." Nikazunguka maduka mengine sikupata adapta siku ile, na kazi ilikuwa Jumamosi, nikarudi nikalipa laki tatu na nusu. Naomba risiti ya EFD, ananiambia ukitaka ya mashine bei inabadilika, akaniandikia ya mkono. Yaani mteja anaomba haki yake ya kawaida kabisa inayotakiwa kisheria, anaonekana msumbufu.

Sasa hiyo Jumamosi. Ukumbi ulikuwa Sinza, sendofu, watu wamejaa. Mwanzo kila kitu kinaenda na kwa kweli nilikuwa nimeshaanza kuipenda ile R6, natumia lenzi ndogo ya 50 na hakuna shida. Ikafika pale ambapo binti anatafuta mume wake mtarajiwa. Aliyewahi kuhudhuria sendofu anajua, muziki umewekwa, binti anapita meza kwa meza ameshika shada, shangwe, vigelegele, anamvisha mtu ambaye siye anamvua, watu wanacheka, halafu ghafla anamwona. Hicho ni kitu cha sekunde chache na hakirudiwi, huwezi kumwambia bibi harusi naomba umpate tena. Nimevaa 70-200 kwenye adapta niwapate kwa mbali bila kuwaingilia. Lenzi ile inakaribia kilo moja na nusu. Namwona binti anaona, uso unabadilika, nabonyeza, kamera inaniandikia Err 01, mawasiliano kati ya kamera na lenzi yana hitilafu, safisha vipini vya lenzi. Nazima nawasha. Nabonyeza. Err 01. Natoa betri narudisha. Err 01. Nikainua lenzi kidogo kwa mkono wa kushoto ikakubali picha moja, nikalegeza ikagoma tena.

Nikaishusha nikachomoa 5D kwenye begi. Nilipoiwasha walikuwa wameshakumbatiana na wameachiana. Nimepata migongo ya mashangazi.

Mama wa binti alikuja kunipigia baadae kwa upole kabisa, mwanangu ile picha ya pale anapomuona haipo? Bora angenigombeza.

Nyumbani nikaikagua ile adapta kwa tochi ya simu. Vile vipini vinatakiwa ukivibonyeza vizame halafu virudi juu vyenyewe. Kimoja kikizama kinabaki huko huko. Na ile pete ya chuma inayobana lenzi inacheza, ukivalisha lenzi nyepesi huoni kitu, ukivalisha nzito mdomo unainama kidogo na vipini vinaachana. Maandishi ya Canon yapo, yameandikwa vizuri kabisa, ila rangi inatoka ukikwangua kwa kucha.

Nikarudi. Safari hii niliingia peke yangu. Akaichukua adapta, akaifuta kwa shati, kwa shati jamani, akavalisha lenzi yake ndogo nyepesi, akapiga picha ya dari, akanionyesha, "mbona inafanya kazi sista, labda hujaizoea mirolesi." Nikamwambia valisha hii yangu. Akavalisha 70-200, Err 01 hapo hapo mbele ya wateja. Unajua alisema nini? "Lenzi yako ndo mbovu, hizi za DSLR zimeshakufa." Nikatoa 5D kwenye begi, nikavalisha lenzi ile ile, nikapiga mlolongo wa picha tatatata, zote kali, nikamuwekea juu ya kaunta aangalie. Hakuangalia. Akanyoosha kidole ukutani kwenye karatasi, mali ikishauzwa hairudishwi.

Nilitoka pale nimeapa nauza R6 na sishiki tena mirolesi. Na kwa muda fulani yeyote aliyeniuliza nilimwambia DSLR, funga mjadala, na sababu nilikuwa nazo na bado nazisimamia. Kwanza betri, mirolesi inawasha skrini muda wote hata ukichungulia tu bila kupiga, 5D namaliza nayo shughuli nzima kwa betri ambazo R6 inamaliza kabla keki haijakatwa (angalau betri zangu za 5D zinaingia humo, hapo Canon wamefanya ubinadamu). Pili giza. MC akishazima taa watu waserebuke, 5D inatumia ule mwale mwekundu wa flashi yangu kushika fokasi, unauona kabisa ukigonga kwenye nguo ya mtu halafu kamera inashika, ila R6 haiutumii mwale huo, kwa hiyo inabaki kutafuta tafuta. Tatu mchanga. Harusi za ufukweni Kigamboni upepo ule, ukitoa lenzi kwenye mirolesi sensa iko mlangoni inakuangalia, na si kila moja inafunga shata (lile pazia la mbele ya sensa) ukiizima, wakati DSLR ina kioo na shata mbele yake. Nne, video, R6 ukirekodi 4K muda mrefu inapata moto inasimama, na dakika walizozitangaza Canon wamezipima kwenye nyuzi 23, hizo nyuzi 23 Dar mwezi wa pili utazipatia wapi kama sio ndani ya AC?

Kwa hiyo DSLR. Sawa.

Ila nikisema hivyo tu naona namdhulumu mtu, maana Jumapili moja nikaenda na R6 kanisani, na lenzi nyepesi, bila lile bomba la balaa kwa sababu niliazima lenzi ya RF, ya mirolesi yenyewe, kwa rafiki. Padri wa pale hapendi kelele, nimewahi kusimamishwa katikati ya viapo kwa sababu ya mlio wa 5D. Nikaweka shata ya kimya. Nimepiga viapo vyote, pete, machozi ya baba mzazi, hakuna aliyegeuka. Hakuna! Nilikuwa karibu mpaka nasikia bwana harusi anavuta pumzi. (Ukumbini usijaribu hiyo kimya, shata ya kielektroniki inasoma sensa mstari kwa mstari na taa za LED zinapepesa haraka kuliko macho yetu yanavyoona, utarudi nyumbani na michirizi ya giza kwenye kila picha.)

Na lile jambo la gauni. Sisi ngozi zetu nyeusi, bibi harusi amevaa jeupe pe, jua la saa nane nje ya kanisa. Kwenye DSLR unachungulia unaona dunia ilivyo, kamera inapima weupe wa gauni inaogopa, inapunguza mwanga, uso unakuwa giza, unapiga, unaangalia nyuma, unarekebisha, unapiga tena. Kwenye mirolesi unachungulia unaiona picha yenyewe kabla hujabonyeza, unaongeza mwanga mpaka uso unang'aa na unaona pale pale shela linapoanza kuungua, unaishia hapo. Halafu fokasi inashika jicho, inabaki kwenye jicho hata akigeuka, hata shela likipita mbele. Nilikuwa napiga pale nje huku nimekasirika, nimekasirika kweli, kwa sababu kitu kizuri namna hii yule kaka alinifanya nikichukie kwa ajili ya bomba la feki.

Kwa hiyo mdogo wangu unayeniuliza, kama hela yako inaishia kwenye bodi ya mirolesi na adapta ya kubahatisha, chukua 5D Mark IV au Nikon D750 iliyotumika, usiongee na mtu. Canon na Nikon hawajatoa DSLR fulufremu mpya tangu 2020, ndo maana watu wanaziachia kwa bei ya kushuka, na lenzi za EF zipo tangu 1987, zimejaa mjini. Mafundi wanazijua. Anayekwambia zimekufa anataka kukuuzia kitu. Kama hela inafika adapta orijino au lenzi ya RF, mirolesi. Na popote utakaponunua nenda na lenzi yako nzito kuliko zote, ikikataliwa kuvalishwa toka, hata kama kazi ni kesho, azima.

Nina adapta orijino sasa, nimeletewa na mtu kutoka Dubai, 70-200 imekaa kimya haichezi na Err 01 sijaiona tena. Laki tatu na nusu yangu haijarudi. Nimeambiwa nipeleke FCC, Tume ya Ushindani, pamoja na ile risiti ya mkono, nitapeleka.

Sasa natafuta bodi nyingine ya kusaidiana na R6, maana 5D imeanza kuchoka shata. Nilisema nitachukua 5D nyingine, na mwezi huu nikapata mtu Mwenge anauza ya kwake, safi, bei ya haki, muungwana, akaniruhusu kuijaribu nusu saa nzima na lenzi zangu zote. Nikachungulia, nikazungusha gurudumu kuongeza mwanga, nikawa nasubiri ninachokiona kibadilike. Hakibadiliki. Nilikuwa naona barabara tu, na daladala, na watu, picha yangu sioni. Nikamshukuru nikamrudishia. Nasubiri R6 nyingine.