Uchambuzi: Kasha Gani Linafaa Kumpelekea Paka kwa Daktari wa Mifugo?

Karibuni, watazamaji. Hapa mezani nimepanga vyombo vinne vya kubebea paka: kasha la plastiki ngumu lenye vipande viwili, begi laini la kitambaa lenye wavu pembeni, begi la mgongoni lenye dirisha la plastiki angavu lililobinuka, na kapu la ukindu lenye mfuniko, ambalo nimelileta makusudi kwa kuwa najua wengi wenu ndilo mlilo nalo nyumbani. Ninataka tuvitazame kwa kazi moja tu, yaani kumpeleka paka kwa daktari wa mifugo na kumrudisha, katika jiji kama Dar es Salaam ambako safari hiyo mara nyingi hufanywa kwa bajaji, juani na katikati ya foleni.

Mnunuzi akifika dukani hutazama jinsi paka atakavyoingia, ilhali kazi ngumu ipo kwenye kutoka. Paka aliyeogopa hurudi nyuma kabisa, hujikunja, na hushika kwa kucha chochote kinachoshikika. Ikiwa chombo kina mlango mmoja tu wa mbele, daktari hana budi kuingiza mkono na kumvuta, au kukiinamisha chombo mpaka mnyama aporomoke mezani; na paka aliyetolewa kwa namna hiyo hatulii tena, iwe anapimwa joto, anasikilizwa moyo au anachomwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Kwa hiyo kigezo changu cha kwanza, ambacho nakiweka mbele ya bei na mbele ya rangi, ni kwamba sehemu ya juu iwe inafunguka au inaondoka kabisa.

Litazameni sasa kasha la plastiki. Nikizifungua klipu hizi za pembeni, nusu ya juu inanyanyuka yote, na nusu ya chini inabaki mfano wa beseni, paka akiwa bado amelala juu ya taulo lake lenye harufu ya nyumbani. Daktari anaweza kumkagua humo humo bila kumbeba, na akiwa mwoga sana hufunikwa taulo na kufunuliwa ile sehemu tu inayoangaliwa. Si mimi peke yangu ninayelipendelea umbo hili, kwani shirika la Uingereza la International Cat Care, lililoanzishwa mwaka 1958 kwa ajili ya ustawi wa paka, nalo huwashauri wenye paka kuchagua kasha linalofunguka juu. Yapo pia yenye mlango wa mbele pamoja na kidirisha cha juu, na hayo humsaidia mtu ambaye paka wake hukataa kuingia kwa mbele, kwa sababu anaweza kumteremsha taratibu kutoka juu, miguu ya nyuma ikitangulia.

Udhaifu wa makasha haya upo kwenye viungo vyake, na hapo ndipo bidhaa za bei ya chini hujianika. Kabla hamjalipa, ombeni kulijaribu kasha kwa namna hii ninayoifanya: natia ndani mfuko wa mchele wa kilo 5, ambao ni uzito wa paka mkubwa, nafunga klipu zote, nainua kwa mpini, kisha natikisa. Mpini ukipinda, au mstari wa maungio ukiachama katikati, liacheni hapo hapo dukani. Mlango nao uwe wa waya wa chuma, na vipini vyake viingie sawasawa kwenye matundu ya juu na ya chini, kwani mlango wa plastiki laini husukumwa kwa kichwa na paka mwenye nguvu, na paka aliyetoroka barabarani kwenye honi na pikipiki si rahisi kumpata. Jambo jingine la pembeni: msilipe zaidi kwa sababu tu boksi limeandikwa kwamba kasha limeidhinishwa na IATA. Jumuiya hiyo ya mashirika ya ndege hutunga kanuni za usafirishaji wa wanyama, lakini haiidhinishi kasha la mtengenezaji yeyote, na kwa safari ya kwenda kliniki maandishi hayo hayawaongezei kitu.

Begi laini lina sifa yake. Ni jepesi, hukunjwa na kuwekwa juu ya kabati, na mkanda wake wa begani huacha mikono huru, jambo ambalo mtu anayepanda daladala atalithamini. Hili nililo nalo lina zipu ya juu inayofunguka urefu wote, kwa hiyo linakidhi kigezo changu, na kwa paka mpole au mzee asiyependa kuparangana linatosha kabisa. Lakini angalieni zipu kwa makini. Ncha mbili za zipu zisipofungamanishwa kwa kibanio kidogo, paka huingiza ukucha katika upenyo na kuipanua taratibu mpaka kichwa kipite. Sakafu yake nayo iwe na ubao au plastiki ngumu chini ya godoro, la sivyo huzama katikati na mnyama hukosa pa kusimama. Tatizo ambalo siwezi kulisamehe ni mkojo: paka wengi hukojoa kwa hofu, kitambaa hunywa, na harufu hiyo huwa vigumu kuitoa.

Kuhusu begi la mgongoni lenye dirisha angavu nitasema kwa ufupi, ingawa najua ndilo linalopendeza zaidi kwenye picha. Paka anapoogopa hutaka kujificha, na dirisha hili humweka hadharani. Sakafu yake ni finyu, hivyo hukaa amejikunyata safari nzima. Plastiki angavu inapopigwa na jua hupitisha mwanga na kuzuia joto lisitoke, na vitundu hivi vichache haviwezi kulifidia hilo. Paka hatoi jasho ila katika nyayo, na joto lake la kawaida halizidi nyuzi 39.2, hivyo mkimwona anahema kwa mdomo wazi, joto au hofu imeshamzidi. Kwa mchana wa Februari wa pwani, mimi silipendekezi.

Kapu la ukindu nalitetea zaidi kuliko mnavyotarajia. Hewa hupita pande zote, mfuniko upo juu, pale pale ninapoutaka, na kama fundi akikubali kulifuma kwa umbo pana la chini, paka hulala vizuri. Kasoro zake ni mbili: mfuniko hufungwa kwa kamba tu, na ukindu uliolowa mkojo hausafishiki. Kwa dharura lifungeni kwa kamba imara pande mbili zinazokabiliana, na chini mtandike magazeti kisha taulo. Boksi la karatasi hulegea likilowa. Kiroba, hata kikitobolewa, msikitumie, maana mnyama huchanganyikiwa na anayekifungua haoni anapotia mkono.

Sasa vipimo. Mpimeni paka akiwa amesimama, kutoka puani hadi shina la mkia, kisha kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa. Ndani ya kasha aweze kusimama, kugeuka na kulala. Kasha lenye urefu wa takriban sentimita 48, upana wa 32 na kimo cha 29 humtosha paka wa kilo 4, na dume kubwa huhitaji la saizi inayofuata. Anayefuga mtoto wa paka anunue la mkubwa tangu mwanzo, ajaze nafasi kwa taulo lililokunjwa. Ila lisiwe kubwa kupita kiasi, kwa sababu bajaji ikikata kona paka huteleza na kujigonga ukutani.

Kwenye bajaji kasha likae sakafuni katikati ya miguu yenu, au kwenye kiti likiwa limekumbatiwa, na si kuning'inia mkononi. Lifunikeni khanga nyepesi upande wa mbele na pembeni, mkiacha nyuma wazi ili hewa ipite. Mkifika kliniki liwekeni juu ya kiti, mbali na mbwa, maana kasha likiwa sakafuni, pua ya kila mbwa anayepita hufika mlangoni.

Usafi ndio unaonifanya nilipe kasha la plastiki nafasi ya kwanza bila kusita. Huoshwa kwanza kwa maji na sabuni mpaka mkojo utoke wote, halafu ndipo hupakwa dawa ya klorini iliyochanganywa na maji mengi. Utaratibu huo usigeuzwe, kwa kuwa klorini ikikutana na mkojo hutoa hewa yenye sumu. Zile dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe zikitiwa majini msizitumie kwa vyombo vya paka, kwani nyingi zina kemikali za jamii ya fenoli, ambazo ini la paka haliwezi kuzivunja ipasavyo. Baada ya kusuuzwa na kukaushwa, kasha libaki sebuleni likiwa wazi, na mara moja moja muweke chakula ndani, badala ya kulitoa stoo asubuhi ya miadi.

Wenye paka wawili nunueni makasha mawili, hata kama wanapendana. Hofu ya mmoja humgeukia mwenzake katika nafasi finyu, na anayerudi kutoka kliniki huja na harufu ya dawa ambayo aliyebaki nyumbani haitambui, akaweza kumfokea au kumshambulia. Mwacheni aliyerudi ndani ya kasha lililofungwa kwa dakika kadhaa, mlango wa waya ukiwa kati yao, na mkiona mwenzake anafoka, mhamishieni aliyerudi chumba kingine mpaka harufu ya kliniki ipungue.