Kikokotoo cha umbali wa anga: Dubai hadi Guangzhou

Kwa wafanyabiashara wa Kampala wanaofuata bidhaa China kupitia Dubai, kikokotoo cha umbali wa anga kinachopatikana bila malipo kwenye intaneti kinafaa, ingawa si kwa kila jambo. Umbali kati ya Dubai na Guangzhou kinautoa vizuri: takriban kilomita 5,800, zikipimwa kwa njia fupi kabisa juu ya mviringo wa dunia, ambayo ndege haiifuati yote.

Udhaifu wake mkubwa ni muda. Kinagawanya umbali kwa mwendo mmoja usiobadilika, hivyo kinaonyesha saa zilezile kwenda na kurudi, ilhali upepo mkali wa juu unaovuma kutoka magharibi huisukuma ndege iendayo China na kuikawiza irudiayo Dubai, na tofauti hiyo huweza kufikia saa nzima.

Tena hakitaji kwamba Guangzhou imeitangulia Dubai kwa saa nne. Anayeondoka Dubai saa nne asubuhi, akiruka saa saba na nusu, hutua saa tatu na nusu usiku, wala si jioni. Kabla ya kupanga miadi na kiwanda, isomeni tiketi yenyewe.